Mwenye Nyumba Asiyeujua Mji

Nyumba ni mali isiyofanana na mali nyingine. Ng'ombe akiuzwa huondoka zizini. Gunia la mpunga likiuzwa huondoka ghalani. Lakini nyumba ikiuzwa hubaki papo hapo ilipokuwa, na anayehama ni mtu. Kwa sababu hiyo anunuaye nyumba hanunui matofali na mabati peke yake. Hununua pamoja na hayo jirani, na njia, na mtaro, na mahali yapitapo maji mvua inaponyesha, na sifa ya mtaa, na ugomvi wa ndugu wa muuzaji kama upo. Mambo haya hayapimwi kwa futi wala hayaandikwi katika hati. Walakini ndiyo yaamuayo kama nyumba itakaliwa kwa raha au kwa majuto. Ayajuaye ni mkaaji. Asiyeyajua ni mgeni, hata akiwa na fedha kiasi gani.

Siku hizi limeenea neno moja masikioni mwa watu wenye akiba ndogo na matumaini makubwa. Huambiwa ya kuwa njia nyepesi ya kupata utajiri ni kununua nyumba katika mji mkubwa ulio mbali nao, kuikabidhi kwa dalali, kisha kulala. Kodi, husemwa, itakuja yenyewe kila mwezi kama mwezi uandamavyo. Bei ya nyumba itapanda kila mwaka. Na mnunuzi hana haja ya kuujua mji wala kuonana na mpangaji wake. Neno hili huambiwa mtumishi wa Mwanza na mkulima wa kahawa wa Bukoba, na huambiwa Mtanzania aliyeko Muscat au London, na mji utajwao mara nyingi ni Dar es Salaam.

Neno hili ni baya. Ubaya wake si kwamba laweza kumtia mnunuzi hasara, maana mtu aliyetaka kupata faida usingizini hawezi kulalamika sana akiamka na hasara. Ubaya wake ni kwamba humtwisha mpangaji gharama ya ujinga usiokuwa wake. Mwenye nyumba asipoujua mji, kutojua kwake hakupotei hewani. Hushuka juu ya watu waliolala chini ya bati lake.

Dar es Salaam ni shahidi mzuri wa jambo hili, kwa kuwa mji wenyewe ulianzishwa na mtu aliyekuwa na makao yake kwingine. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga hapo katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuwa na hamu ya kuiendeleza kazi ile. Majengo yakaachwa, mengine yakawa magofu, na mji ukalala mpaka Wajerumani walipohamishia makao ya serikali yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mawe hayakuwa na kosa, na bandari haikuwa na kosa. Nyumba zilikuwapo, mwenye kuzijali hakuwapo.

Mji huo huo una mfano wa pili, ulio kinyume cha ule wa kwanza. Katika mitaa ya Kariakoo, Ilala na Magomeni ilijengwa nyumba ambayo imepata jina la nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande wa pili, ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani, na huko uani jiko, bafu na choo vya watu wote. Aghalabu mwenye nyumba, na si mara chache alikuwa mwanamke mjane au mzee aliyeacha kazi, alikaa katika chumba kimoja akapangisha vilivyobaki. Alikuwa na tamaa yake, naam, na ulimi wake pia, na wapangaji wengi walimlaani kimoyomoyo. Lakini bati lililovuja lilimvujia na yeye. Choo kilichojaa kilimnukia na yeye. Mpangaji alipofiwa, msiba ulikuwa uani pake, na kodi ya mwezi ule haikuweza kudaiwa pasipo kuyaona matanga kwa macho. Ukaribu haukumfanya malaika. Ulimfanya ajue, na kujua kulimzuilia maovu ambayo huruma peke yake isingemzuilia.

Taifa nalo lilipata kupigana na mwenye nyumba. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kuyatwaa majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Waliotunga sheria ile waliona dhuluma ya kweli, nayo ni mtu mmoja kukusanya jasho la wengi pasipo kutoa lake. Lakini dawa waliyoitoa ilimwondoa tajiri ikauacha umbali. Ofisi moja ikawa mwenye nyumba wa maelfu ya watu. Kuta zikachubuka, mabomba yakaoza, ngazi zikabomoka, na matengenezo hayakuwahi. Mpangaji ambaye jana alimngoja tajiri, leo akalingoja faili. Mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na mwaka 1991, katika maamuzi yaliyofanywa Zanzibar, viongozi wakaruhusiwa tena kuwa na nyumba za kupangisha. Hivyo mwenye nyumba akarudi. Somo la miaka ile ishirini na zaidi lilistahili kurudi pamoja naye: nyumba haiharibiki kwa kuwa ya mtu binafsi wala kwa kuwa ya umma; huharibika inapokuwa ya mtu asiyeiona.

Sasa na itazamwe ni nini hasa asichokijua mgeni huyu anunuaye kwa kuambiwa. Mambo ni mengi, lakini makubwa ni matatu: maji, haki na watu.

La kwanza ni maji. Mnunuzi wa mbali huja Dar es Salaam mwezi wa Julai au Agosti, wakati wa kipupwe, ambapo ardhi imekauka, upepo ni mwema na kila mtaa una sura ya kupendeza. Huonyeshwa nyumba karibu na bonde la Msimbazi, bei yake ni nafuu kuliko nyumba za mlimani, na dalali humwambia kuwa unafuu huo ni bahati yake. Hajui ya kuwa bei ile si bahati, ni kumbukumbu. Wakaaji wa pale wanakumbuka Desemba 2011, mvua zilipolijaza bonde, watu zaidi ya 40 wakafa mjini, na Serikali ikawahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande. Wanakumbuka na masika za baada ya hapo. Wanajua ni ukuta upi una mstari wa tope, na mstari huo ulifika kimo gani cha mtu. Wanajua pia habari ambayo hakuna dalali aliyepata kuitaja mbele ya mnunuzi: kwamba mvua kubwa inapokuja, katika mitaa ya chini wako watu hufungulia mashimo ya vyoo ili maji ya mvua yachukue uchafu, nao huita kutapisha choo, na kwamba uchafu uliotapishwa na nyumba ya juu hupita mlangoni mwa nyumba ya chini. Mnunuzi hulala Mwanza au London. Anayeamka usiku, akapandisha godoro na watoto juu ya meza, ni mpangaji.

Wala isidhaniwe kwamba elimu ya karatasi yatosha. Kituo cha mabasi yaendayo haraka kilijengwa Jangwani, katika bonde hilo hilo, kwa ramani na kwa wahandisi, nacho kikafurika mara kadhaa baada ya huduma kuanza mwaka 2016. Ikiwa wenye ramani waliweza kupatwa na hayo, seuze mwenye picha tatu na maneno ya dalali?

La pili ni haki. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mtu hupewa haki ya kuikalia kwa muda na kwa masharti. Lakini sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijengwa kabla ya kupimwa, na nyumba nyingi huuzwa kwa mkataba ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi. Karatasi hiyo ina nguvu kwa kadiri majirani wanavyoijua. Jirani ndiye ajuaye kwamba nyumba hiyo ni ya urithi, kwamba muuzaji ana dada wawili Tanga ambao hawakuulizwa, au kwamba mke wake hakuridhia, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya wanandoa iuzwe pasipo ridhaa ya mwenzi. Jirani ndiye ajuaye mpaka wa barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Siku tingatinga lifikapo, mwenye nyumba wa mbali hupoteza fedha, na hilo ni jambo zito. Mpangaji hupoteza mahali pa kulala usiku ule ule, pamoja na kodi aliyokwisha kuilipa, na hana wa kumwendea, kwa kuwa uso wa mwenye nyumba hajapata kuuona.

La tatu ni watu, na hapa ndipo umbali unapogeuka kuwa dhuluma ya kila siku. Desturi iliyoenea mjini ni kumdai mpangaji kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji hana ngome kubwa zaidi ya mkataba wake. Mwenye nyumba aliye karibu aweza kupokea kodi mwezi kwa mwezi, kwa kuwa humwona mpangaji asubuhi na jioni. Aliye mbali hawezi. Yampasa apate yote mapema, maana hana macho ya kufuatia. Basi mchukuzi wa Kariakoo, au mwalimu aliyeanza kazi jana, hukopa ili aulipie umbali wa mtu mwingine.

Tena kuna dalali. Dalali si mtu mbaya kuliko watu wengine. Anafanya kazi na anastahili ujira. Lakini ujira wake aghalabu ni kodi ya mwezi mmoja, nao hulipwa mpangaji aingiapo. Hapati kitu mpangaji akaapo. Kwa hiyo nyumba ambayo watu wake wametulia miaka kumi ni shamba lisilozaa kwa dalali, na nyumba ambayo watu wake huingia na kutoka kila mwaka ni shamba la misimu miwili. Mwenye nyumba wa mbali amemweka mlinzi ambaye faida yake imo katika kuvunjika kwa kile alichowekwa kukilinda. Kisha hushangaa kusikia ya kuwa wapangaji wake hawadumu! Bomba likipasuka, habari humfikia baada ya wiki tatu. Wapangaji wanne wakigombana kwa kuwa wanatumia mita moja ya umeme, na mmoja wao ana friji, habari haimfikii kabisa. Ufa ukionekana ukutani, mpangaji humwambia dalali, dalali husema atamwambia mwenyewe, na mwenyewe huambiwa yote ni salama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; hawakuwa na habari ya mtu ambaye ukuta ni wake na macho ni ya kukodi.

Huenda ikasemwa kwamba hayo yote ni maneno ya huruma, na biashara ni hesabu. Vema, na ije hesabu. Achukuliwe mtu aliyenunua nyumba kwa shilingi milioni 120 akaipangisha kwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Dalali humwambia kwamba atapata milioni 7.2 kwa mwaka, yaani sehemu 6 katika 100. Lakini nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja, zimebaki milioni 6.6. Serikali ikichukua asilimia 10 ya kodi hiyo, zimebaki milioni 5.94. Msimamizi akilipwa shilingi 100,000 kwa mwezi, zimebaki milioni 4.74. Rangi, bomba, kufuli na kunyonya shimo la choo vikila shilingi 900,000, zimebaki milioni 3.84, nayo ni sehemu 3 na kidogo katika 100. Katika miaka ya mwanzo ya 2020 hati fungani za muda mrefu za Serikali ya Tanzania zililipa zaidi ya sehemu 10 katika 100, wala hazikuwa na bati la kuvuja. Ni kweli kwamba bei ya nyumba yaweza kupanda, na walionunua mahali pema wakati mwema walitajirika. Lakini kupanda kwa bei ni malipo ya kujua mji unakokwenda. Na mtu anayezungumziwa hapa ni yule asiyejua hata mji ulikotoka.

Wako wasemao kwamba mji una kiu ya nyumba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, na ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja waliongezeka katika miaka kumi, nao wamelala wapi kama si katika nyumba za kupanga? Hoja hii ina nguvu, na asiyeikubali hajui haja ya mji. Lakini humtetea ajengaye, haimtetei anunuaye. Anunuaye nyumba iliyokwisha kujengwa na kukaliwa haongezi mjini hata chumba kimoja. Hubadilisha jina la mtu anayepokea kodi, na mara nyingi huipandisha kodi ili arudishe bei aliyodanganywa. Mji hauwezi kumshukuru kwa hilo.

Wako pia wasemao kwamba hoja kama hii ni chuki ya wageni, na kwamba Mtanzania ana haki ya kuwa na mali popote nchini. Haki hiyo haina mshindani. Kila mwenyeji wa Dar es Salaam alikuwa mgeni, au ni mjukuu wa mgeni. Mzaramo wa pwani, Mmanyema aliyetoka mbali na Mnyamwezi aliyekuja na mzigo begani wote walifika wakajifunza mji kwa miguu yao. Ugeni si aibu. Aibu ni kutaka matunda ya wenyeji pasipo kuupitia ujifunzaji wake, na kuufanya ugeni kuwa mpango wa biashara wa maisha.

Basi afanye nini mwenye akiba anayeutamani mji asioujua? Jibu ni fupi, na halitampendeza dalali: apange kwanza, kisha apangishe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na achukue chumba katika mtaa ule ule anaotaka kununua, akikalie walau masika moja, tangu Machi hata Mei. Alipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ajue uzito wake mkononi. Achangie umeme wa mita moja na wenzake. Abebe ndoo siku maji yasipotoka. Akae barazani jioni awasikie wazee wakitaja mwaka wa mafuriko na mahali maji yalipofika. Amwendee mwenyekiti wa mtaa, awaulize majirani majina ya warithi, apeleke hati katika ofisi ya ardhi ikatazamwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Miezi mitatu ya kodi ya chumba ni gharama ndogo kuliko kosa la miaka thelathini. Baada ya hapo, akinunua, atanunua kitu anachokijua. Na asiponunua, atakuwa amenunua akili kwa bei nafuu.

Itasemwa kwamba aliye mbali, mwenye kazi na watoto, hawezi kuacha yote akakae chumba kimoja cha uswahilini. Huenda hawezi. Lakini asiyeweza kukaa katika nyumba miezi mitatu hajapata bado haki ya kuwakalisha wengine humo miaka ishirini. Fedha yake ina njia nyingine za heshima: aikopeshe Serikali kwa hati fungani, ama ajenge katika mji wake mwenyewe, ambako anajua mtaro unapita wapi, na ambako mpangaji mwenye malalamiko aweza kubisha hodi mlangoni pake na kumkuta.

Maana mwisho wa mambo yote ni hodi hiyo. Mwenye nyumba ni mtu anayeweza kubishiwa hodi. Asiyeweza ni mpokeaji wa fedha tu, na kati ya kupokea fedha na kuwa mwenye nyumba kuna umbali uliozamisha magodoro ya watu wengi. Anayetaka kununua nyumba mwaka huu na aulizwe swali moja kabla ya kutia saini: maji yakiingia usiku, mpangaji atabisha mlango gani? Akiweza kulijibu kwa kuutaja mtaa, nyumba na jina, na anunue kwa heri. Asipoweza, na airudishe kalamu mezani.